Zima Friji

Saa nne na robo usiku, Jumapili ya tarehe 3 Machi 2024, yuniti ziliisha nyumbani kwetu Kariakoo. Mimi nilikuwa naingia mzunguko wa 8 katika uwanja wa Monza. Kioo kikawa cheusi, usukani ukalegea mikononi mwangu kama mkono wa mtoto aliyepitiwa na usingizi, na kutoka uani nikamsikia mama mkwe akiuliza, "Nani kamaliza umeme?"

Tulikuwa tumeumaliza wote. Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili ya zamani, vyumba sita, korido katikati, uani nyuma, imebaki peke yake kati ya maghorofa mawili. Mita ni moja. Chumba cha mbele anakaa fundi cherehani, na pasi yake haipoi kabla ya saa tano usiku. Anayemfuata ni dada anayepika chapati za alfajiri, ana jiko lake la umeme. Halafu kuna friji ya mama mkwe, na ile si friji ya kuwekea mboga za jana. Ile ni duka. Ndani yake hugandishwa barafu za ubuyu na maji ambayo machinga wa Mtaa wa Kongo huanza kuyaulizia jua likishapanda. Usiku ule wote walikuwa wamewasha vyao, na mimi nimewasha changu: kompyuta, kioo, ruta na usukani.

Yuniti zilinunuliwa kwa simu papo hapo. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20. Baba mkwe alinimulikia kwa tochi ya simu, akawa ananisomea nne nne kwa sauti ya pole, nami nikibonyeza. Kundi la tatu nikalikosea. Tukaanza upya. Taa ziliporudi, kompyuta ikachukua muda wake kuamka, na nilipoufungua tena ukurasa wa mbio, jina la mwanangu lilikuwa chini kabisa, limetiwa alama ya aliyetoka. Nilikuwa sijafikisha nusu ya mbio. Kwa kanuni za ligi, asiyefika nusu na ambaye hakutoa taarifa anahesabiwa hakuwepo.

Ndiyo, jina la mwanangu. Kiti kile hakikuwa changu.

Mwanangu alikuwa kidato cha sita, bweni, mkoani Iringa. Kabla ya hapo alikuwa amehangaika mwaka mzima kupata nafasi kwenye ligi ile ya mbio za magari za mtandaoni. Wanaoshindana ni 24, wengi wao wako Ulaya, wachache Afrika Kusini na Kenya. Kutoka Dar es Salaam alikuwa yeye peke yake. Kompyuta aliiunda mwenyewe, kipande kimoja kimoja, kwa hela za kusaidia mafundi simu wa Mtaa wa Aggrey wakati wa likizo. Usukani ni Logitech G29, alioununua ukiwa umeshatumika, ngozi imepauka pale vidole gumba vinaposhika. Siku ya kurudi shule, Januari, begi liko mlangoni, akanipa karatasi aliyoandikia kanuni kwa mkono. Dereva wa akiba anaruhusiwa. Ukikosa mbio mbili bila taarifa, nafasi anapewa aliye kwenye orodha ya kusubiri. Mbio ni saba, kila baada ya wiki mbili, Jumapili usiku.

"Mama, usiiache ikapotea."

Nikamjibu haitapotea. Mimi nauza vitenge. Sijawahi kuendesha hata bajaji. Lakini neno likishatoka kwa mtoto anayekwenda kufanya mtihani wa taifa, halirudi mdomoni, na sikutaka lirudi.

Baada ya Monza, basi, nilikuwa nimebakiwa na kosa moja tu.

Asubuhi yake tulikaa uani, wapangaji wote, na baba mkwe ndiye aliyeongoza. Yeye ni fundi magari mstaafu, kakulia kwenye gereji za Gerezani. Hakuanza na umeme. Alianza na Pasaka ya 1972, alipokuwa kijana wa miaka 14 wa kushika spana, mwaka ambao Safari Rally ya Afrika Mashariki ilianzia Dar es Salaam. Alituambia jinsi Hannu Mikkola wa Finland alivyoshinda akiwa na Ford Escort, mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda mashindano yaliyokuwepo tangu 1953, wakati kabla yake ushindi ulikuwa wa wakazi wa huku wanaolijua tope letu. "Na Mikkola hakuwa peke yake garini," akasema. "Pembeni yake alikaa Gunnar Palm, Msweden, na karatasi zake. Huyu anakanyaga, yule anahesabu." Akaendelea na 1963 na 1968, miaka ambayo mafundi wakubwa wake walikuwa hawaachi kuisimulia: kila mwaka katika hiyo, magari yaliyomaliza safari yalikuwa 7 tu, na mshindi alikuwa yule yule, Nick Nowicki, na Peugeot 404.

"Mkwe wangu hatashinda," akawaambia wapangaji, nami nikiwa nimekaa pale pale. "Hatuhitaji ashinde. Tunahitaji amalize. Na gari lake ni nyumba hii."

Ikapangwa hivi. Siku ya mbio fundi cherehani atapiga pasi mchana. Dada wa chapati atakanda, hatachoma. Vijana hawataunganisha simu zao kwenye ruta. Na kuanzia nusu saa kabla ya mbio hadi bendera ya mwisho, friji itazimwa, kwa sababu waya za nyumba yetu ni za zamani, na kila friji inapoguruma kuanza, taa hupepesa na ruta hujizima ikajiwasha. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. Barafu ikiyeyuka kidogo ikaganda tena inapoteza sura, na mteja wa Kariakoo anaitazama barafu kabla ya kutoa hela. Akauliza swali moja tu: "Ni kwa ajili ya mtoto?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akaondoka kwenda kufunika friji kwa blanketi, aone linavyokaa.

Niseme kidogo mchezo wenyewe ukoje, maana wengi huniuliza nikiwa dukani wakidhani ni ule wa kukanyaga mafuta na kugonga kuta. Unaitwa Assetto Corsa Competizione, kazi ya Kunos Simulazioni wa Italia, ulitoka 2019. Viwanja vyake ni vya kweli, vimepimwa kwa miale ya leza, kwa hiyo uvimbe ulioko kwenye lami ya Spa utausikia mkononi ukiwa Kariakoo. Tairi zinaanza baridi, zinateleza, halafu zinashika, halafu zinachoka. Mvua ikinyesha uwanja hauloani wote kwa pamoja. Usukani una mota ndani, unavuta, unakataa, unakwambia kabla ya macho kuona kwamba matairi ya nyuma yanakuacha. Ni kazi ya mikono, kama ya kukata kitambaa. Ukiwa na haraka, mkasi unakwenda pembeni.

Mwalimu wangu wa kona alikuwa mume wangu, kwa simu. Yeye ni dereva wa lori, Dar hadi Tunduma na kuvuka. Wiki ya kwanza nilikuwa natoka nje ya barabara kila kona, nikamwambia gari hili halina breki. Akacheka kwa upole, akaniuliza, "Mlima Kitonga umepita mara ngapi?" Nikamwambia kila tunapompeleka mtoto shule. "Umewahi kumwona dereva mzima wa akili anatafuta gia akiwa ndani ya kona ya Kitonga?" Sijawahi. Kila kitu huamuliwa juu, kabla: mwendo, gia, upande. Ndani ya kona dereva anaongoza tu. Nikalala na maneno hayo. Kesho yake nikaanza kufunga breki mapema kuliko nilivyotamani, usukani bado umenyooka, na gari likageuka. Nilipiga kelele hadi fundi cherehani akaja kuona kama nimeungua.

La pili nililifundishwa na mtaa. Anayepita Msimbazi kila siku na mzigo wa vitenge kichwani, katikati ya maguta, bodaboda na mabasi ya mwendokasi, hujifunza kutotazama chombo kilicho mbele yake. Hutazama nafasi itakayofunguka kikishapita. Niligundua kuwa nikilitazama gari la mbele ninaligonga, na nikiitazama lami iliyo nyuma yake tunapishana salama.

Na hapo kuna jambo ambalo wenzetu wa Ulaya hawalihisi. Seva ya ligi iko kwao. Taarifa ya mkono wangu inatoka Kariakoo, inaingia kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari, inafika huko na jibu linarudi, na safari hiyo kwangu ilikuwa milisekunde 200 hivi. Ni kitu kidogo, kama kupepesa jicho. Lakini gari likiwa kwenye kilomita 200 kwa saa linakula mita 55 kila sekunde, kwa hiyo mpinzani ninayemwona huenda yuko mita 11 mbali na pale ninapomwona. Urefu wa magari mawili na zaidi! Mwanangu aliishi na hilo mwaka mzima bila kulalamika. Nilipolielewa, nilimheshimu kwa namna mpya. Aliendesha kwa kukisia, kwa adabu, akiwaachia wenzake upana ambao wao hawakuhitaji kumwachia yeye.

Mbio za pili, tarehe 17 Machi, zilitukuta ndani ya Ramadhani. Meza ya kulia ni ya mninga, mama mkwe aliinunua Keko miaka hiyo anaanza maisha, na ndiyo pekee nyumbani yenye uzito wa kubeba usukani. Alasiri nilikuwa nafanya mazoezi, upande wa pili wa meza vyombo vya futari vimekwisha kupangwa. Nikapanda ukingo wa kona kwa kasi. Mota zikauvuta usukani, kibano kikaachia, meza ikaruka, na jagi la uji wa pilipili manga likaenda chini, likazivuta na tende. Dakika arobaini kabla ya adhana. Hakuna aliyenigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Dada wa chapati alikuja na sufuria yake bila kuitwa, tukapika uji mwingine, tukafuturu tumechelewa kidogo.

Usiku huo baba mkwe alichukua drili. Alitaka kutoboa meza matundu mawili apitishe bolti. Alimwomba mke wake ruhusa mbele yetu sote, kwa maneno mazuri, akimwita mama wa nyumba. Mama mkwe alipitisha kiganja juu ya mbao, pale ambapo watoto wake watano waliandikia kazi za shule, akasema, "Toboa kwa chini, usinipasulie uso wake." Bolti zikaingia kwa chini. Saa tatu na nusu usiku friji ikazimwa, saa nne nikaanza, nikaendesha dakika 60 kamili, nikaingia piti mara moja kama kanuni inavyotaka, nikamaliza nafasi ya 21 kati ya 24. Watatu waligongana. Nikafungua kaunta buku, nikaandika: *Umemaliza.* Sikuandika nimemaliza. Lilikuwa jina la mwanangu.

Tarehe 31 Machi nusura tupotee kwa saa tu. Siku ile, Jumapili ya Pasaka kwa wenzetu Wakristo, ndiyo siku ambayo Ulaya husogeza saa zao mbele. Mbio zilizokuwa zikianza saa nne usiku wetu, sasa zinaanza saa tatu. Sisi saa yetu haisogei, jua letu halina haraka, kwa hiyo halikunijia akilini. Nilikuwa msikitini, tarawehe, simu imezimwa. Kijana wa fundi cherehani ndiye aliyeshtuka alipoona kwenye kioo magari yanazunguka. Alikimbia hadi kwenye ngazi za wanawake, akasimama nje, hakuthubutu kuita. Nilipotoka nilimkuta analia. Tulikimbia pamoja, buibui nimelikusanya mkononi, tukapita katikati ya wauza kashata, na nilipokaa zilikuwa zimebaki dakika 2 za kupanga nafasi za kuanzia. Nikaanza wa mwisho, Spa, kilomita 7 kwa mzunguko. Na nikamaliza. Mama mkwe ndiye aliyezima friji. Aliniambia baadaye kwamba alipoona napita mlangoni bila viatu alijua.

Mbio mbili za Aprili zilipita salama, kwa sababu kila mtu alikwishajua mahali pake. Baba mkwe alikaa pembeni yangu na saa ya mkononi na daftari, akinitajia mafuta yaliyobaki na dakika za kuingia piti. Alikuwa Palm wangu. Hakunipandishia sauti hata mara moja.

Halafu ikaja Mei 12. Jumapili hiyo asubuhi, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Tangu SEACOM ifike pwani yetu 2009 tumezoea kusahau kwamba intaneti ni kamba iliyolala mchangani chini ya maji. Kariakoo siku ile ilikuwa na sura ya ajabu: watu wengi, biashara ipo, lakini kila mmoja ameinua simu juu kana kwamba anatafuta mwezi. Wateja wangu wa mikoani walishindwa kuletewa picha za vitenge. Jioni nikawasha ruta, nikajaribu laini tatu za mitandao tofauti. Ukurasa wa ligi haukufunguka hata kwa kichwa chake.

Kosa la pili lilikuwa saa mbili mbele yangu. Na taarifa ilitakiwa ifike kabla ya saa tatu.

Simu za kawaida zilikuwa zinapita. Nikampigia mume wangu. Alikuwa ameshavuka mpaka, yuko Nakonde, kwenye foleni ya malori, na ana laini ya Zambia. Akaijaribu. Inakwenda, polepole, lakini inakwenda. Nikamsomea anwani ya waandaaji herufi kwa herufi, halafu ujumbe, kwa Kiingereza changu cha darasani, naye akiandika chini ya taa ya kabati ya lori: kwamba dereva wa akiba wa kiti namba fulani yuko Dar es Salaam, kwamba waya wa bahari umekatika, kwamba hatujaacha. Neno hilo la mwisho alilitaka yeye. Nilimwambia si lazima, akasema, "Ni lazima."

Tukakaa. Baba mkwe, mama mkwe, fundi, dada wa chapati, wote koridoni, friji imezimwa ingawa hakukuwa na mbio za kuendesha. Sikumwuliza mama mkwe kwa nini kaizima. Saa tatu kasoro dakika nane simu ikaita. Wamejibu. Wamepokea, nafasi imehifadhiwa, na wenzake mwanangu wanauliza kama tuko salama.

Dada wa chapati akashangilia kama bao la timu ya Msimbazi. Mimi nilikwenda uani nikanawa uso.

Mtoto alifika Jumamosi, tarehe 25 Mei, kakonda, mtihani umeisha, anasubiri wito wa JKT. Kaunta buku nilimpa kabla ya chakula. Aliisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na uji uliomwagika, pamoja na mama mkwe na blanketi lake. Alipofika Mei 12 alikaa chini.

Kesho yake zilikuwa mbio za mwisho, Kyalami, uwanja ulio karibu na Johannesburg, ambako Afrika Kusini iliandalia Formula 1 hadi 1993. Jina lake ni la Kizulu, *khaya lami*. Baba mkwe alilitafakari kwa muda. "Kaya yangu," akasema. "Hilo si la kutafsiriwa."

Nilikuwa nimekwisha kuondoa mto wangu kwenye kiti. Mwanangu akakaa, akanyoosha miguu, magoti yakagonga meza. Pedeli zilikuwa zimefungwa kwa bolti pale inapofika miguu yangu, mimi mfupi. Baba mkwe akainuka kuchukua spana. Kijana akamshika mkono.

"Babu, acha zikae hivyo hivyo. Nitakunja."

Akakunja miguu. Akapapasa hadi breki. Baba mkwe akafungua daftari ukurasa mpya, mume wangu akiwa hewani kutoka Makambako, fundi akachomoa pasi. Nikasimama nyuma ya kiti, mikono haijui pa kwenda, nikamsikia mama mkwe anavuta kandambili zake kuelekea uani kabla hajaambiwa na mtu.